Usimamizi wa teknolojia ya fedha nchini Tanzania

Usimamizi wa teknolojia ya fedha nchini Tanzania ni jumla ya sheria, viwango na taratibu zinazotumiwa na Benki Kuu ya Tanzania (BoT), benki na kampuni za simu ili kuingiza ubunifu mpya katika huduma za fedha bila kuhatarisha fedha za wateja. Mfano wake mkubwa ni huduma za fedha kwa simu, ambazo zilianza mwaka 2008 na kuenea mijini na vijijini kupitia mawakala.

Kazi hii ina pande tatu zinazotegemeana. Teknolojia hutoa chombo, ubunifu hutoa huduma mpya, na viwango huhakikisha kwamba chombo cha kampuni moja kinaelewana na cha nyingine. Pasipo viwango, kila kampuni hujenga kisiwa chake, na gharama ya kuvuka kutoka kisiwa hadi kisiwa hulipwa na mteja.

== Historia ==

Nchini Kenya, kampuni ya Safaricom ilianzisha M-Pesa mwezi Machi 2007. Mwaka uliofuata Vodacom ilianzisha huduma yenye jina hilohilo Tanzania. Baadaye zilifuata huduma za kampuni nyingine, zikiwemo Tigo Pesa, Airtel Money, Ezy Pesa na Halopesa.

Wakati huo Tanzania haikuwa na sheria mahususi ya fedha za kielektroniki. Benki Kuu ilitumia mamlaka yake chini ya Sheria ya Benki Kuu ya mwaka 2006 na miongozo ya malipo ya kielektroniki ya mwaka 2007. Kampuni ya simu ilitakiwa kushirikiana na benki, na Benki Kuu ilitoa barua ya kutokuwa na pingamizi. Kwa njia hiyo huduma iliruhusiwa kukua huku msimamizi akiifuatilia kwa karibu. Kanuni zilizotungwa baadaye zilitokana na mambo yaliyokwisha kuonekana katika utendaji.

Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ilipitishwa mwaka 2015, pamoja na kanuni za fedha za kielektroniki za mwaka huohuo. Tangu hapo mtoa huduma anahitaji leseni, na kampuni za simu hutoa huduma hizo kupitia kampuni tanzu zilizosajiliwa kwa kazi hiyo.

== Ulinzi wa fedha za wateja ==

Swali la kwanza kwa msimamizi ni hili: kampuni ya simu ikifilisika, fedha za wateja zitakuwa wapi? Jibu lake ni akaunti maalumu ya udhamini. Kwa kila shilingi inayoonekana kwenye simu za wateja na mawakala, lazima kuwe na shilingi moja halisi katika akaunti hiyo benki. Fedha hizo si mali ya kampuni. Haziruhusiwi kutumika kulipa mishahara, kujenga minara au kulipa madeni yake.

Akaunti hizo huzaa riba. Mwaka 2014 Tigo Pesa ilianza kugawa faida hiyo kwa watumiaji wake, na kanuni za mwaka 2015 zikaelekeza kwamba riba itumike kwa manufaa ya wateja. Hapa ubunifu wa kampuni moja uligeuka kuwa kanuni ya wote.

== Kuunganisha mitandao ==

Katika miaka ya mwanzo kila mtandao ulijitegemea. Mfanyabiashara wa Mafiga, kata ya Manispaa ya Morogoro, aliyetaka kumlipa mkulima wa kabichi wa Mgeta katika Milima ya Uluguru, alipaswa kwanza kuuliza mkulima anatumia mtandao gani. Kama mitandao ilitofautiana, mpokeaji alipata ujumbe wenye namba ya kutolea fedha, naye alilazimika kumtafuta wakala wa mtandao uliotuma. Kwa sababu hiyo watu wengi walimiliki laini mbili au tatu, na wakala aligawa mtaji wake katika floti za mitandao mbalimbali.

Mwaka 2014 Airtel, Tigo na Zantel zilikubaliana kuunganisha huduma zao. Vodacom ilijiunga mwaka 2016. Sheria haikuzilazimisha kampuni hizo. Zilikaa mezani kwa uwezeshaji wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC) na kukubaliana jinsi ya kupeana fedha, kugawana ada na kushughulikia miamala iliyokwama.

Makubaliano ya kampuni mbilimbili yana kikomo chake. Kampuni 5 zikitaka kuunganishwa moja kwa moja, zinahitaji viungo 10. Kampuni 10 zinahitaji viungo 45. Kama zote zinapitia kituo kimoja, kampuni 10 zinahitaji viungo 10 tu. Hiyo ndiyo sababu ya Benki Kuu kujenga Mfumo wa Malipo ya Papo kwa Papo Tanzania (TIPS), ulioanza kwa majaribio mwaka 2021. Mfumo huu huunganisha benki na watoa huduma za fedha kwa simu mahali pamoja.

== Viwango ==

Baadhi ya viwango vinavyotumika ni vya kimataifa. ISO 20022 huelekeza jinsi ujumbe wa malipo unavyoandikwa ili mifumo tofauti iusome kwa namna moja. ISO/IEC 27001 inahusu usalama wa taarifa, na PCI DSS inalinda taarifa za kadi za benki.

Kiwango cha kitaifa kinachoonekana zaidi mitaani ni TANQR, kilichotolewa na Benki Kuu mwaka 2022 kwa malipo ya msimbo wa QR. Lengo lake ni muuza duka abandike msimbo mmoja ukutani badala ya kuwa na bango la kila kampuni.

Hata hivyo, malipo mengi hayahitaji simu janja. Menyu za USSD, kama *150*00# ya M-Pesa, hufanya kazi kwenye simu za kitochi bila intaneti. Huduma mpya inayosahau watumiaji hao huwaacha nje wengi wa vijijini.

== Usimamizi ndani ya kampuni ==

Kampuni ya fedha huanza kwa kutathmini teknolojia mpya: inatatua tatizo gani, nani ataathirika ikishindwa, na je, inakubaliana na mifumo iliyopo. Kisha huijaribu kwa kundi dogo la wateja na kwa viwango vidogo vya fedha. Mabadiliko ya programu hupitiwa na mtu mwingine kabla ya kuwekwa kazini, na miamala nyeti huidhinishwa na zaidi ya mtu mmoja. Kumbukumbu hutunzwa pia katika kituo cha pili, ili hitilafu ya kimoja isifute salio la mteja.

== Changamoto ==

Utapeli mwingi hauvunji mfumo, humdanganya mtu. Ujumbe wa aina ya "ile hela tuma kwenye namba hii" umewapotezea wengi fedha, kwa kuwa humfikia mtu ambaye kweli alikuwa na hela ya kutuma. Wengine hulaghaiwa kutaja namba ya siri. Usajili wa laini kwa alama za vidole, ulioanza mwaka 2019, ulilenga kupunguza namba zisizo na mwenyewe anayejulikana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliongeza wajibu wa kampuni katika kutunza taarifa za wateja.

Sera ya kodi nayo ina uzito. Mwezi Julai 2021 Serikali iliweka tozo ya shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, kulingana na kiasi kilichotumwa au kutolewa. Wananchi walilalamika, na mwezi Septemba mwaka huohuo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, kisha ikapunguzwa tena mwaka 2022. Tukio hilo lilionyesha kwamba hata mifumo ikiunganishwa vizuri, gharama inaweza kuwarudisha watu kwenye fedha taslimu.

Utegemezi wa miundombinu ni changamoto nyingine. Mwezi Mei 2024 kukatika kwa nyaya za chini ya bahari kulivuruga intaneti Tanzania na nchi jirani. Kwa hiyo njia mbadala za mawasiliano ni sehemu ya usimamizi wenyewe, sawa na leseni na akaunti ya udhamini.