Aliyetangulia Kusalimia Ujiji

Ukitaja Ujiji, watu hukumbuka mwembe, Stanley na Livingstone. Lakini Novemba 1871 aliyetangulia kumsalimia Stanley alikuwa Abdullah Susi, mwenyeji wa Shupanga, kando ya Mto Zambezi. Livingstone alipofariki mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, Susi, Chuma na wenzao walizika moyo wake palepale, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba kwa miezi kadhaa hadi Bagamoyo. Njiani, karibu na Tabora, Luteni Cameron aliwashauri wauzike hukohuko. Walikataa. Nani basi aliyekuwa kiongozi wa msafara huo? Susi na Chuma walifika Uingereza mazishi yamekwisha, wakamsaidia Horace Waller kuandaa shajara za marehemu. Susi alibatizwa David mwaka 1886, akafariki Zanzibar mwaka 1891.