Redio za Taa Katika Siku za Wazee Wetu

Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza mwaka 1951, redio zilitumia valvu, yaani taa za kioo, ambazo asili yake ni ile aliyoibuni Fleming wa Uingereza mwaka 1904. Redio ya umeme haikunena mara iwashwapo: shurti uzi upashe moto kibomba kiuzungukacho, ndipo elektroni zitoke, yapata nusu dakika. Vijijini mwetu Songea, pasipo umeme, ile ya betri ilinena upesi, maana uzi wenyewe ulizitoa. Lakini uzi huo ulikula betri, nayo betri ilitoka mbali. Mwenye redio mwangalifu aliifungulia habari, kisha akaifunga. Transista, iliyobuniwa Marekani mwaka 1947, ilitupunguzia gharama hiyo. Basi tuwakumbuke wazee waliosikiliza kimya: kila neno lilikuwa na bei yake.