Elimu ya Vidole Katika Zumari ya Uskoti

Mwanafunzi wa zumari ya mfuko ya Uskoti hapewi mfuko siku ya kwanza. Hupewa bomba jembamba, liitwalo zumari ya mazoezi, nalo huwa mwenzi wake kwa miezi mingi kabla hajaruhusiwa kuikumbatia ala yenyewe. Bomba hilo lina ulimi wa vipande viwili vilivyobanwa pamoja, mfano wa zumari ya pwani yetu, ila ulimi wenyewe umefichwa ndani ya kifuniko, midomo isiuguse. Matundu yake ni manane, saba mbele na moja nyuma la kidole gumba. Na sauti zake ni tisa tu.

Uchache huo wa sauti humdanganya mgeni. Ugumu wa zumari ya mfuko watokana na pumzi yake, ambayo haikatiki maadamu mfuko umejaa. Mpiga filimbi huweza kuzitenga sauti kwa ulimi wake. Mpiga zumari ya mfuko hawezi. Wala hawezi kuivumisha sauti moja na kuififisha ya pili. Kila alitakalo hana budi kulitamka kwa vidole. Akitaka sauti moja isikike mara mbili, hutia katikati sauti nyingine fupi mno, kama kupepesa kwa jicho, ndipo hizo mbili zitengane.

Kwa sababu hiyo kupanda na kushuka ngazi ya sauti tisa ndio msingi wa elimu yote. Tuitazame hatua moja tu, kutoka sauti ya tano kwenda ya sita. Vidole vitatu vya mkono wa kulia hushuka kuziba matundu, kidole cha mwisho cha mkono huo huinuka, na kidole cha pete cha mkono wa kushoto huinuka pia; yote hayo kwa nukta moja. Kidole kimoja kikichelewa, sauti ngeni hupenya katikati, na pumzi isiyokatika huitangaza kwa kila mwenye masikio. Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Katika zumari hii kidole kimoja chaweza kuiharibu kazi ya tisa.

Elimu hii ilitunzwaje kabla ya vitabu? Katika kisiwa cha Skye ukoo wa MacCrimmon ulirithishana kazi ya kuwapigia zumari wakuu wa ukoo wa MacLeod, na mapokeo yasema kwamba wanafunzi walisafiri kutoka mbali kwenda kufundishwa huko Boreraig. Mwalimu alimwimbia mwanafunzi wimbo kwa silabi zisizo na maana ya maneno: irabu zilionyesha sauti za wimbo, na konsonanti zilionyesha mapambo ya vidole. Mtindo huo huitwa kwa Kigaeli canntaireachd. Yasimuliwa kwamba Iain Dall MacAoidh, aliyepofuka utotoni kwa ndui, alisoma kwa ukoo huo akawa bingwa na mtungaji mashuhuri. Elimu iliyopita sikioni haikumdai macho.

Lakini elimu ya namna hiyo yategemea mwenye kuigharimia. Mwaka 1743 Lord Lovat aliandikiana mkataba na David Fraser, mpiga zumari wake, ili ampeleke Skye kwa Malcolm MacCrimmon, naye Fraser amtumikie miaka saba. Miaka mitatu baadaye, uasi wa wafuasi wa nasaba ya Stuart ulivunjwa vitani Culloden. James Reid, mpiga zumari, alinyongwa York mwaka 1746, mahakama ikiihesabu zumari yake kuwa chombo cha vita; na mwaka 1747 Lovat mwenyewe alikatwa kichwa London. Sheria ya mwaka 1746 ya kuwanyang'anya watu silaha haikuitaja zumari. Jeraha kubwa zaidi lilikuwa jingine: wakuu wa koo waligeuka wenye ardhi watafutao kodi, na mwalimu wa zumari akawa gharama isiyoleta faida.

Hapo kalamu ilianza kuutafuta urithi uliokuwa ukiponyoka. Joseph MacDonald, kijana aliyekuwa safarini kwenda India mwaka 1760, aliandika maelezo ya ala hii na vidole vyake. Alifariki huko angali kijana, na kazi yake ikachapishwa Edinburgh mwaka 1803. Colin Campbell aliziandika silabi za waimbaji katika hati ya mwaka 1797, na Angus MacKay alitoa mkusanyo wake kwa alama za muziki mwaka 1838. Mwaka 1910 jeshi la Uingereza likaanzisha shule yake ya zumari. Mwaka 1944 Seumas MacNeill na Thomas Pearston walianzisha chuo mjini Glasgow, na kitabu chao cha mwaka 1953 kikampa mwanafunzi yeyote ngazi ile ile ya sauti tisa, pasipo kumwuliza ni wa ukoo gani.

Faida ya kalamu ni kubwa: mlango uliokuwa wa wachache umefunguliwa kwa wengi. Hata hivyo kitabu hakina masikio. Chaweza kuonyesha mahali pa kila kidole. Hakiwezi kuisikia sauti ngeni iliyopenya kati ya hatua mbili, wala kumwambia mwanafunzi arudie. Ndiyo maana mwalimu na mwanafunzi wangali wakikabiliana, kila mmoja na bomba lake dogo mkononi, wakipanda na kushuka ngazi ile ile. Wakuu wa koo walipoanguka na mikataba yao ikakoma, urithi haukuokolewa na fahari ya gwaride. Uliokolewa na subira ya zoezi hilo dogo, ambalo hakuna umati unaolisikiliza.