Madoadoa na Hatupangwingwi

Katika soko la Kitale, neno "madoadoa" halimshtui mtu. Rosekoko, aina ya maharagwe, ina madoadoa, na mnunuzi huichambua kwa kidole, akitoa mbovu na changarawe, kabla kopo la gorogoro halijajazwa. Ng'ombe ana madoadoa, kanga ana madoadoa. Lakini neno hilo hilo likitoka kwenye kipaza sauti cha mwanasiasa, mtu wa Endebess au wa upande wa Mlima Elgon, Bungoma, aliyeishi huko mwaka 1992, huanza kuwaza watoto watalala wapi. Katika mapigano ya miaka ile, madoadoa walikuwa majirani wa kabila jingine, na kuyaondoa kulimaanisha kuchoma nyumba zao na kuwafukuza mashambani.

Januari 2022, Mithika Linturi, wakati huo seneta wa Meru, alilitamka jukwaani mjini Eldoret, akakamatwa. Aprili mwaka huo huo, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, chini ya mwenyekiti wake Samuel Kobia, ikatoa orodha ya maneno yaliyohesabiwa kuwa ya chuki. Madoadoa lilikuwamo. Mende na kwekwe pia. Na hatupangwingwi likawamo.

Maneno hayo hayafai kukaa kikapu kimoja. Tumezoea kuyataja tusi, uchochezi na upinzani kana kwamba ni kitu kile kile. Tusi humvunjia mtu heshima. Uchochezi humtuma msikilizaji akatende. Upinzani humkatalia mwenye nguvu. Anayeyachanganya matatu haya ataadhibu lisilostahili na kuliacha linaloua.

Tazama "kwekwe". Mkulima wa Trans Nzoia hahitaji kuambiwa kwekwe hufanywaje: hung'olewa na mizizi yake. Mende naye hupondwa. Haya ni majina yaliyobeba vitenzi ndani yake, na ndiyo maana redio za chuki za Rwanda mwaka 1994 hazikuchoka kuwaita Watutsi mende. Anayemwita jirani hivyo ameshataja kazi inayofuata.

Sasa tazama "hatupangwingwi". Ni Sheng iliyotokana na kupanga, na kambi moja ya kisiasa ikaifanya kaulimbiu: sisi hatupangiwi. Nafsi inayosema ndiyo inayojitetea. Hakuna jirani anayeelekezewa kidole, hakuna nyumba iliyotajwa. Ni kauli ya mtu anayekataa kuamuliwa mambo yake, na mwananchi asiyeweza kuitamka hana uhuru wa kujieleza hata kama Ibara ya 33 ya Katiba ya Kenya imeuandika kwa wino mzito.

Wapo wanaosikia hoja hii wakadhani ninatetea ulimi usio na adabu. La. Kiswahili kina tasfida tangu zamani. Hatusemi mzee amekufa, tunasema ametutoka. Ibara ya 54 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha, nami naiunga mkono kwa moyo wote. Serikali ya kikoloni iliwaandika Wabukusu kwa jina la Kitosh, jina walilopewa na wengine. Leo Bungoma nzima inasema Babukusu, na hakuna aliyepungukiwa na uhuru kwa hilo. Wenyeji wa Chepkitale, juu mlimani, waliitwa Ndorobo, jina lililotokana na neno la Kimaasai la watu wasio na ng'ombe, yaani mafukara. Wao hujiita Ogiek. Kumwita mtu kwa jina lake ni heshima, na heshima hiyo hufunzwa nyumbani na shuleni vizuri kuliko inavyofunzwa mahakamani.

Lakini tasfida ikihamia kwa wenye nguvu, hugeuka pazia. Yaliyotokea mwaka 1992 yaliitwa "mapigano ya kikabila", kana kwamba makabila yaliamka asubuhi moja yakashikana mashati. Tume ya Jaji Akiwumi, iliyoundwa mwaka 1998 kuyachunguza, ilisikia ushahidi mwingine: wanasiasa waliochochea na maafisa wa utawala walioangalia tu. Lile jina la upole liliwaficha wao. Mtu wa Endebess alihitaji mwandishi wa kuandika "walifukuzwa, na waliowafukuza walitumwa", hata kama kauli hiyo iliwaudhi wakubwa.

Sheria yetu ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, iliyozaliwa baada ya zaidi ya watu 1,100 kuuawa kufuatia uchaguzi wa 2007, inamtishia mwenye kauli ya chuki faini ya hadi shilingi milioni moja au kifungo cha hadi miaka mitatu. Ni adhabu nzito, na kosa lake linahitaji mipaka inayoonekana. Mwaka 2016 Jaji Mumbi Ngugi alikifuta kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano kwa kuwa maneno yake yalikuwa mapana mno, mtu asijue kosa linaanzia wapi. Orodha ya maneno ina kasoro hiyo hiyo: inamtia hofu muuza rosekoko na kijana wa Sheng, huku mchochezi akibuni neno jipya kufikia jioni.

Basi anayesikiliza hotuba jukwaani, awe polisi, hakimu au mwanahabari, aulize mambo matatu: msemaji amemlenga nani, amewataka wasikilizaji wafanye nini, na aliyelengwa ana nguvu gani ya kujikinga? Majibu ya hayo yatamtenga mchochezi na mkosoaji. Kamusi tuwaachie wenye lugha.