Chungu Kisichoshuka Mekoni

(Muziki unapanda, kisha unashuka.)

  Wasikilizaji wetu wa Mantapala, nanyi majirani wa Nchelenge mlioko kandokando ya Ziwa Mweru, historia yetu ya leo imo ndani ya chungu.

Liko swali linalozunguka sana mekoni. Maharagwe ya jana yakibaki, je, naweza kuongeza maji leo, kesho nitie samaki, keshokutwa nitie sombe, na chungu kiendelee hivyo hadi mgao mwingine? Si swali la mzaha. Maharagwe yanakula kuni nyingi, na kumwaga chakula kunauma. Basi tuwaulize waliotutangulia.

Chungu cha namna hiyo kimewahi kuwapo, na bado kipo. Katika mji wa Bangkok, nchini Thailand, kuna mkahawa uitwao Wattana Panich. Supu yao ya nyama ya ng'ombe imeendelezwa kwa zaidi ya miaka 40. Kila siku supu mpya huanzia kwenye mchuzi wa jana. Watu wakisikia hivyo hudhani sufuria haijaoshwa miaka yote hiyo. Sivyo. Kila jioni supu hutolewa, sufuria huoshwa, na mchuzi kidogo unaobakizwa huachwa ukitokota motoni usiku kucha. Zamani huko Ulaya pia, nyumba nyingi za wakulima zilikuwa na chungu kilichoning'inia juu ya moto, kikiongezwa nafaka na mboga.

Mnaona kinacholinda supu hiyo? Ni moto usiolala. Shirika la Afya Duniani linafundisha kwamba chakula kilichopikwa kikae na joto la zaidi ya nyuzi 60 mpaka kiliwe, na kisiachwe kipoe nje kwa zaidi ya saa 2. Chini ya hapo vijidudu huzaana haraka.

Sasa turudi kwetu. Katika miaka ya 1930, mtafiti Mwingereza Audrey Richards aliishi na Wabemba, mashariki mwa hapa, akaandika kitabu kuhusu chakula chao kilichotoka mwaka 1939. Alieleza kwamba kwao ubwali, yaani bukari yetu, ndicho chakula chenyewe. Mboga, wanayoiita umunani, kazi yake ni kuusaidia ubwali kushuka kooni. Na umunani ulikuwa haba, hasa miezi ya njaa.

Watu wa huku waliufanyaje uhaba huo? Walitunza chakula kabla hakijaingia chunguni. Samaki walipasuliwa, wakakaushwa kwa jua au kwa moshi. Mihogo ililowekwa siku kadhaa, ikaanikwa, ikatwangwa. Majani ya mboga nayo yalianikwa. Hata leo, ukifika ufukweni utaona chisense, wale samaki wadogo, wakianikwa juani. Kijidudu kinahitaji maji. Ukimnyima maji, anashindwa kuzaana.

Basi njia za kale zilikuwa mbili: kutouzima moto, au kukiondolea chakula maji. Sisi huku kambini hatuna kuni za kuwasha usiku kucha. Supu ikilala kwenye jiko lililozimika, si supu ile ya Bangkok tena. Ni kiporo, na kiporo cha maharagwe katika joto la huku huchacha mapema. Vijana wana utani wao kwamba kiporo hakihitaji moto mwingi. Kwenye mapenzi sijui, lakini chunguni ni uongo. Tena vijidudu vingine huacha sumu ambayo hata kuchemsha hakuiondoi. Mtoto akiharisha, kuni ulizookoa zinageuka safari ya kliniki. Na mwambao huu umepata kipindupindu zaidi ya mara moja, tunakumbuka.

Iko njia ya tatu yenye historia yake. Wakati wa vita kuu mbili za dunia, kuni na makaa vilipoadimika Ulaya, watu walipika kwa sanduku lililojazwa nyasi kavu. Kapu lenye blanketi linafanya kazi hiyohiyo. Loweka maharagwe usiku, mwaga maji yale, yachemshe kwelikweli kama nusu saa katika maji mapya, funika, kisha ifukie sufuria ndani ya kapu, uifunike pande zote. Joto litaendelea kuyaivisha kwa saa kadhaa bila kuni. Kabla ya kula, yachemshe tena. Lakini wamama, kapu ni la mchana. Si la kulaza chakula.

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Pikeni kinachotosha siku moja. Chakula kikibaki, mpeni jirani kingali cha moto, naye kesho atawakumbuka. Mkitaka akiba ya siku nyingi, iwe samaki mkavu au mboga iliyoanikwa. Na maharagwe yakitoa povu au harufu ya uchachu, msiyaongezee maji. Yamwageni, hata kama yanauma.

 Wazee mnaokumbuka namna nyingine za kukausha mboga kule Pweto, Moba au Kalemie, njooni mtueleze, tuzisikilize pamoja kipindi kijacho.

(Muziki.)