Kifungu cha 15 na Ruhusa Isiyoandikwa

Katika Kilingala, neno mabanga maana yake ni mawe, na mtaa wa Mabanga mjini Goma umejengwa kwelikweli juu ya mawe, yaani lava iliyoganda. Lugha hiyohiyo ina msemo kobeta libanga, kuvunja jiwe, wenye maana ya kuhangaikia riziki. Katika miaka ya 1980 mwanamuziki Pépé Kallé aliuunganisha msemo huo na Kifungu cha 15 katika jina la wimbo wake mmoja.

Kifungu hicho ni sheria ya mdomo. Asili yake husimuliwa kuwa ni Kasai Kusini, jimbo lililojitangazia uhuru Agosti 1960 chini ya Albert Kalonji. Wakimbizi wa Kiluba walifurika Bakwanga, na serikali haikuwa na cha kuwapa. Ndipo ikasemwa kwamba kifungu cha 15 cha katiba yao kiliwaamuru wajitafutie wenyewe. Yawe ni masimulizi au historia, wananchi wa Kongo nzima waliyapokea.

Baadaye dola nayo ikalikubali wazo hilo hadharani. Mwaka 1976 Rais Mobutu, akihutubia umma mjini Kinshasa, aliwaasa wanaotaka kuiba waibe kidogo na kwa akili, wasitake kutajirika kwa usiku mmoja. Hivyo ulegevu ukachukua nafasi ya mshahara.

Elimu yatoa mfano ulio wazi. Thamani ya fedha iliporomoka mno, hata mwaka 1993 zaire milioni 3 zikabadilishwa kwa zaire mpya 1. Wazazi wakaanza kumlipa mwalimu nyongeza iitwayo primu, na pasipo primu shule nyingi zingalifungwa. Katiba ya 2006, katika Kifungu cha 43, ilitamka kwamba elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ni ya bure. Hata hivyo, primu iliendelea kutozwa, wakuu wakijua, mpaka serikali ilipoanza kutekeleza elimu ya bure Septemba 2019. Kwa miaka 13 kifungu kisichoandikwa kilikishinda kilichoandikwa.

Yafaa kuuliza ni nani aliyenufaika. Mwalimu alipata mkate, na dola ikaepuka deni lake. Aliyepoteza ni mtoto wa maskini, aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa ada ambayo sheria haikuitambua. Mzazi wake hakuwa na pa kushtaki, kwa kuwa sheria ya kumlinda ndiyo iliyofumbiwa macho na wote.

Hali ya mchuuzi wa kando ya barabara huko Mabanga ni iyo hiyo. Leo anaachwa auze. Kesho askari aweza kumfukuza, naye hana karatasi ya kuonyesha. Kuvumiliwa kwampa nafasi, hakumpi haki. Ruhusa iliyotolewa kwa mdomo huondolewa kwa mdomo.