Hisa: Kutoka Majahazi ya Boriti hadi Soko la Dar es Salaam

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aliyefanya biashara kwa mtaji wa Bibi Khadija kabla ya kupewa Utume. Ama baad.

Miaka kadhaa iliyopita, baada ya sala ya Ijumaa hapa Mtawanya, kijana mmoja aliyekuwa ameuza korosho zake aliniuliza: "Sheikh, kununua hisa za kampuni ni halali?" Nikamjibu kwa haraka kuwa ni kamari. Hakubishana. Baadaye fedha zile akawapa watu waliomuahidi kuzizidisha maradufu kwa miezi michache, na hakuziona tena. Makala hii ni kusahihisha kosa langu.

Ndugu msomaji, hisa si jambo geni kwetu. Neno lenyewe ni la Kiarabu, na maana yake ni fungu. Wazee wa delta ya Rufiji waliyaona majahazi ya Kuwait yakija kupakia boriti za mikoko. Mwaka 1939 baharia wa Australia, Alan Villiers, alifika delta akiwa ndani ya chombo kimojawapo, na akaandika habari zake. Mabaharia wale hawakuwa na mshahara. Baada ya kutolewa gharama za chakula, pato liligawanywa baina ya chombo na mabaharia, na fungu la mabaharia likagawanywa kwa hisa. Boriti zikiuzwa vibaya, wote walipata kidogo. Hii ndiyo roho ya musharaka katika fiqhi: anayetaka faida akubali na hasara.

Ama Soko la Hisa la Dar es Salaam, lilianzishwa mwaka 1996, na mauzo yakaanza Aprili 1998 kwa hisa za kampuni ya gesi ya TOL. Mwaka huo huo ikaingia kampuni ya bia, TBL. Mwaka 2000 ikaingia ya sigara, TCC. Mwaka 2006 ya saruji ya Twiga. Kisha benki za NMB (2008) na CRDB (2009). Basi anayesema hisa zote ni halali amekosea, na mimi niliyesema zote ni haramu nilikosea pia.

Nahodha hapakii shehena asiyoijua. Vivyo hivyo mnunuzi wa hisa anatakiwa aulize mambo matatu.

La kwanza: kampuni inauza nini? Bia haina mjadala.

La pili: ina mikopo ya riba kiasi gani? Hapa wanazuoni wamekhitalifiana. Jopo la Kimataifa la Fiqhi la Jeddah, katika kikao chake cha saba mwaka 1992, liliona kuwa asili ni haramu kununua hisa za kampuni yenye kazi halali ikiwa mara nyingine inaamiliana kwa riba. AAOIFI ya Bahrain imeruhusu kwa masharti, miongoni mwake mikopo ya riba isifike asilimia 30 ya thamani ya kampuni sokoni, na pato la haramu lisizidi asilimia 5, nalo litolewe.

La tatu: bei inalingana na faida? Soma taarifa za hesabu za miaka kadhaa, si ya mwaka mmoja. Ikiwa hisa inauzwa shilingi 1,000 na faida ya kila hisa kwa mwaka ni shilingi 100, umelipa faida ya miaka 10. Bei ikipanda huku faida ikishuka, jihadhari: huenda wanunuzi wanafuatana tu. Na mwenye kununua kwa kukisia, bila kujua kampuni inafanya nini, huyo ndiye aliyeikaribia kamari.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, katika Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni. Vipi basi tuone kusoma hesabu si kazi ya Muislamu?

Kijana yule nimemuomba radhi. Korosho za msimu uliofuata alikuja na taarifa ya hesabu ya kampuni moja mkononi, tukakaa barazani tukaisoma pamoja, mstari kwa mstari. Mwisho akaamua kutonunua, kwa sababu ya mikopo aliyoiona. Wallahu a'lam.